Teke la Nairobi na hukumu ya Versailles: mashabiki tunahukumu nini hasa?

Tangu Diddy, yule rapa wa Marekani, apigwe miezi 50 jela pale New York, Oktoba 3, 2025, mabishano huku kwetu hayajaisha, na ukiyafuatilia utaona watu wako makundi mawili. Kuna wanaosema mashabiki ni wanafiki, jana walikuwa wanakata mauno kwenye nyimbo zake leo wanamtupia mawe. Na kuna wanaosema hapana, shabiki wa sasa kaamka, havumilii tena uchafu wa mastaa, zile zama za kufanya utakacho kisa una hit zimepita. Mimi nadhani wote wamekosea na wamekosea kitu kilekile, wanadhani shabiki huwa anahukumu tabia ya msanii. Hahukumu tabia. Anahukumu picha. Tendo likirekodiwa na kamera anawaka siku hiyohiyo, tendo hilohilo likiandikwa kwenye karatasi za mahakama linampita kama tangazo la mnada. Halafu hata akiwaka, kinachomuudhi zaidi ni kukosewa adabu, yule aliyeumizwa anakuja nyuma sana. Hii sio kasoro ya maadili ya mtu mmojammoja, ndo jinsi biashara yenyewe ya muziki ilivyojengwa, na wenye biashara wanalijua hilo kuliko sisi.

Angalia hiyo kesi ya Diddy yenyewe ilivyokwenda. Cassie, aliyekuwa mpenzi wake, alifungua kesi Novemba 16, 2023, na kwenye zile karatasi alieleza kipigo cha hotelini Los Angeles mwaka 2016, kwamba alipigwa kwenye korido akiwa anajaribu kuondoka. Yaliandikwa wazi, yakasomwa dunia nzima. Upande wa Diddy ukakana, kesi ikamalizwa kwa makubaliano siku iliyofuata, na watu wengi wakaendelea na maisha yao, wengine wakaandika demu kapata alichotaka, hela. Mei 2024 CNN wakarusha video ya kamera za hoteli. Tukio lilelile, korido ileile, hakuna jipya hata moja ambalo halikuwa limeshaandikwa. Ndani ya siku mbili jamaa akawa ameomba radhi Instagram na wale waliokuwa wanamtetea wakafuta posti zao. Sasa swali langu kwa wanaosema shabiki kaamka, aliamka lini, Novemba aliposoma au Mei alipoona? Na wanaosema mnafiki nao wanaruka kitu, maana mnafiki anajua ukweli halafu anajifanya haujui, wakati huyu wetu hakuwahi kuukubali mpaka alipotafuniwa.

Lakini hatuna haja ya kukaa New York muda wote, tunaye mzee wetu wa rumba ya Kongo, Koffi Olomide, ambaye kwa ukanda huu ni kesi nzuri kuliko zote kwa sababu tumemhukumu mara nyingi na kila mara kwa kipimo tofauti. Teke tunalikumbuka. Julai 22, 2016 Koffi, Mopao kama anavyoitwa, katua JKIA Nairobi na bendi yake, kesho yake ilikuwa apige shoo, na pale airport kamera zikiwa zinachukua akamtupia teke mmoja wa wanenguaji wake. Mwenyewe akajitetea kwamba alikuwa anazuia ugomvi tu. Haikusaidia. Klipu ilisambaa kabla hata hajafika mbali, waziri wa jinsia wa Kenya wakati ule Sicily Kariuki akaja juu, polisi wakamchukua, na asubuhi yake akapandishwa ndege kurudishwa Kinshasa. Huko nako akakamatwa, akalala ndani siku kadhaa, na shoo aliyokuwa aifanye Zambia ikafutwa. Yaani teke moja, pengine sekunde mbili za video, likamfukuza nchi moja na kumfungia mlango wa nchi nyingine ndani ya wiki moja.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo zito zaidi linaendelea Ufaransa, tena limeanza miaka kumi kabla ya hilo teke. Wanenguaji wanne walikuwa wanamtuhumu kwamba kati ya 2002 na 2006 aliwaingilia kingono kwa nguvu, na kwamba walikuwa wanafungiwa kwenye nyumba nje kidogo ya Paris, hawatoki wanavyotaka, mpaka usiku mmoja wa 2006 wakatoroka. Machi 2019 mahakama ya Nanterre ikamkuta na hatia ya kufanya ngono na mmoja wao alipokuwa na miaka 15, akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili, akiwa hayupo mahakamani. Akakata rufaa. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ikamwondolea makosa yote ya ngono, lakini ikamtia hatiani kwa kuwashikilia wale wanawake bila ridhaa yao, kifungo cha nje cha miezi 18. Haya nayaandika yote mawili kwa makusudi kwa sababu watu wakibishana huwa wanachukua nusu, anayemchukia anaishia 2019, anayempenda anaanzia 2021 na kusema kashinda rufaa, na ile sehemu ya kuwashikilia watu inaachwa njiani haina mwenyewe.

Sasa weka tarehe hizi mbili mezani. Machi 2019, hukumu ya Nanterre. Novemba 2020, Diamond anatoa Waah! akiwa na Koffi, wimbo unavunja rekodi za YouTube huku kwetu, mzee anakuja Dar anapokelewa kama mfalme. Katikati ya tarehe hizo hukumu ya kwanza ilikuwa bado imesimama, rufaa haijasikilizwa. Nilikuwa nafuatilia komenti kipindi kile na ukimtoa Mkenya mmoja mmoja aliyekuwa anakumbushia, nilichokiona mimi kilichokumbukwa ni teke, tena kwa utani, watu wanamwambia Simba, yaani Diamond, ajihadhari asije akapigwa teke. Nanterre haikuwepo kichwani mwa mtu kwa sababu Nanterre haina klipu. Desemba 2023 akarudi Nairobi, jiji lilelile lililomfukuza, akapiga shoo watu wakacheza. Na sidhani kama walioingia pale ni watu wabaya. Teke walishalisamehe, miaka saba imepita, kaomba radhi, na mtu mwenye akili anasamehe. Hilo jingine hawakulisamehe kwa sababu hawakuwahi kulibeba.

Nijiwekee pingamizi mwenyewe kabla hujaniwekea wewe. R. Kelly je? Huyo mwimbaji wa Marekani video yake ya ngono na binti ilikuwepo tangu 2002, ikauzwa mpaka mitaani, na bado mahakama ikamwachia 2008, na mwaka 2010 akakusanya wasanii wa Afrika kule Chicago, Alikiba akiwemo, Fally Ipupa, 2Face na wengine, wakarekodi pamoja kwenye mradi wa One8 na sisi tukashangilia kwamba kijana wetu kafika. Kisheria hakukuwa na kosa lolote, jamaa alikuwa mtu huru. Mpaka ilipofika Januari 2019 na ile dokyumentari ya Surviving R. Kelly, wanawake wakakaa mbele ya kamera wakaongea na nyuso zao, ndo mambo yakageuka, akahukumiwa miaka 30 mwaka 2022. Kwa hiyo ni kweli, picha peke yake haitoshi, inategemea inamwonyesha nani kama mtu. Ile ya 2002 watu waliitazama kama ngono ya staa, umbea, kitu cha kucheka, binti aliyekuwemo hakuwa mtu kwa mtazamaji. Sioni kama hili linaivunja hoja yangu, naona linaikaza, kwa sababu linaonyesha kwamba hata ushahidi wa macho unapita kwenye chujio la nani tumezoea kumwonea huruma, na chujio hilo limetengenezwa na watu wenye kazi hiyo.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Wanamuziki wetu wa dansi wa zamani, hawa kina NUTA Jazz, Urafiki, Vijana, Magereza, Polisi, walikuwa ni waajiriwa. Bendi ni ya jumuiya ya wafanyakazi, ya kiwanda cha nguo, ya jeshi, mwanamuziki analipwa mshahara na ana bosi. Redio ilikuwa moja. Shabiki alimjua mwimbaji kama Gurumo kwa sauti redioni na kwa kumwona ukumbini wikiendi, na skendo kubwa kuliko zote ilikuwa ni kuhama bendi, Gurumo alipoondoka Mlimani Park kwenda Safari Sound watu waliumia kama wamefiwa. Tabia mbaya zilikuwepo, ulevi ulikuwepo, wake wengi walikuwepo, lakini hazikuwa sehemu ya bidhaa. Kwenye taarab ndo ulikuwa mpasho, na hata pale ugomvi wa kina Khadija Kopa na Nasma ulimalizwa jukwaani kwa mafumbo, mashabiki wanapeleka hela za kutunza kulingana na nani kamchoma mwenzie vizuri. Yaani ugomvi ulilipiwa lakini ulikuwa umeshapikwa ukawa sanaa.

Miaka ya tisini redio binafsi zikaja, magazeti ya udaku yakaja nyuma yake, na Bongo Fleva ikakua katikati ya hayo mawili. Msanii wa kizazi hiki hana mwajiri, hana mshahara, kaseti imekufa, CD imekufa, anachouza ni kutajwa. Ndo kiki, yaani kuzusha gumzo ili utajwe, ilipozaliwa kama njia ya kula. Usimcheke, kwa miaka mingi kiki ndo ilikuwa bajeti ya matangazo ya mtu asiye na bajeti. Diamond ndo aliyeifikisha mwisho wa reli. Septemba 2017 anakwenda redioni kukiri kwamba mtoto wa mwanamitindo Hamisa Mobetto ni wake, nchi nzima imeacha kazi inasikiliza, Februari 14, 2018 Zari, mzazi mwenzie, anatangaza kuachana naye Instagram kwa picha ya ua jeusi, na mwaka 2022 wote wawili wapo Netflix kwenye kipindi ambacho bidhaa yake ni maisha ya mastaa wa Afrika, nani kamtaka nani, nani kamnunia nani. Sisemi yote hayo yalipangwa, moyo wa mtu haupangwi hivyo, nasema yote yaliingia sokoni yakalipwa.

Madhara yake kwa shabiki ni makubwa kuliko tunavyodhani, na hapa ndo wengi wanapokosea wanaposema shabiki ni mmbea tu. Shabiki aliyelishwa mapenzi, talaka na kurudiana kwa miaka kumi kama burudani, amefundishwa kwamba kila kinachotoka nyumbani kwa msanii ni kiki mpaka ithibitike vinginevyo. Siku binti akisema kapigwa, komenti ya kwanza ni wimbo unatoka lini. Ukiwa msanii unayefanya ukatili nyumbani, hii ni kinga ambayo hakuna wakili anaweza kukupa, kelele nyingi kiasi kwamba kilio cha kweli kinasikika kama promo. Na kwa upande wa mwanamke aliye ndani ya hiyo nyumba ni kifungo, kwa sababu kila atakachosema kimeshapewa jina kabla hajafungua mdomo.

Na hata tukiamua kukasirika, tunakasirikia nini? Aprili 2018 video ya faragha ya wanamuziki Nandy na Billnass ilivuja. Kwa akili ya kawaida Nandy pale ndiye aliyedhulumiwa, kitu chake cha ndani kimetolewa nje. Kilichotokea, yeye ndo aliomba radhi kwa Watanzania, na waziri wa habari wa wakati ule Dk. Mwakyembe akasimama bungeni kueleza kwamba Nandy kahojiwa na polisi na kwamba Diamond naye kakamatwa kwa klipu yake ya mahaba aliyoiweka mwenyewe Instagram. Mwaka huohuo mwishoni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, wakawafungia Diamond na Rayvanny kufanya shoo ndani na nje ya nchi kwa kuupiga jukwaani wimbo wa Mwanza ambao ulishafungiwa kwa mashairi yake, wakaomba radhi, wakafunguliwa. Adhabu zote hizo, na mimi nazikumbuka nyingine kadhaa, ni za mashairi, nguo na video. Sikumbuki msanii mkubwa aliyefungiwa kwa kutomlipa dansa, kwa kumpiga mpiga gitaa, kwa kumwacha mnenguaji hotelini nchi ya watu bila nauli. Kwa hiyo serikali na shabiki wanatumia rula moja, na rula hiyo inapima aibu. Aibu ukiiomba radhi inaisha, madhara hayaishi kwa posti ya radhi, lakini kama hatujawahi kuyapima tutajuaje kwamba bado yapo.

Tusikilize sasa wanaopinga, maana wana hoja, na baadhi ni nzito. Hoja ya kwanza ni ile ya tenganisha kazi na mtu. Wimbo ukishatoka ni wa watu, umeolewa nao, umefiwa nao, utauachaje kwa sababu aliyeuimba ana roho mbaya? Nakubali kwa asilimia kubwa. Mtu anayesikiliza rumba ya miaka ya tisini jikoni kwake Temeke hamuumizi mtu, na wale wanaotaka tufute kila kitu wanatuomba tuwafute na wapiga solo, wapiga drum na waitikiaji ambao hawajafanya kosa lolote. Ila hoja hii inabebeshwa mzigo usio wake, inatumika kuhalalisha hadi shoo mpya, na shoo mpya sio wimbo ulioisha. Shoo ni sehemu ya kazi. Kuna watu kumi na tano wamesafiri na huyo bwana, wanalala anapoamua walale, wanalipwa anapoamua walipwe. Kusikiliza sauti ya mtu na kumlipia awe bosi wa wasichana wengine kwa wiki mbili ni mambo mawili, na hoja ya sanaa inajibu la kwanza tu.

Hoja ya pili ni kwamba tuache mahakama ifanye kazi yake. Hii ndo naiheshimu kuliko zote, na sisi Watanzania tuna sababu ya kuiheshimu. Mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kama Babu Seya, na wanawe walikamatwa 2003, Juni 2004 wakahukumiwa maisha kwa kubaka watoto wa shule ya msingi, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wanawe wawili na kumbakiza yeye na mwanawe mwingine, Papii Kocha. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli akawasamehe, uwanja ukalipuka kwa shangwe, wale wa haki za watoto wakalia. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikasema haki zao za kusikilizwa ipasavyo zilikiukwa kwenye baadhi ya mambo. Haikusema hawakutenda, ilisema kesi haikuendeshwa sawa. Nakumbuka kijiweni mzee mmoja alisema mtu anayeimba vile hawezi kufanya vile, na wenzake wakatikisa kichwa kukubali, hakuna aliyeona ajabu. Huo ndo ushahidi wa shabiki, sauti nzuri. Na ukitafakari, ulitumika kwa jibu ambalo pengine lilikuwa na haki ndani yake na pengine halikuwa, hakuna namna ya kujua kutoka kwenye sauti. Wale watoto, ambao sasa ni watu wazima, katika mjadala wote ule nchi iliwataja kama idadi. Kwa hiyo ndiyo, tuziache mahakama, lakini tukiziacha tuzisome basi. Huwezi kusema acha mahakama iamue halafu mahakama ikiamua Nanterre na ikaamua tena Versailles hujui hata moja.

Hoja ya tatu ni ya maisha binafsi, na hii inategemea. Nani kamwacha nani, nani kazaa na nani, hayo kwa kweli hayatuhusu hata kama msanii mwenyewe katuuzia, kununua tiketi ya mechi hakukupi haki ya kuingia chumba cha kubadilishia nguo. Nandy alistahili kinga hiyo kuliko mtu yeyote na hakuipata. Lakini kipigo sio maisha binafsi, na kumfungia mfanyakazi ndani sio maisha binafsi. Tumezichanganya hizi mbili mpaka mwenye kosa anajificha kwenye faragha ambayo asiye na kosa kanyimwa.

Halafu kuna hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndo inayorudiwa zaidi: mbona hawakuondoka? Kama Koffi alikuwa mbaya kiasi hicho mbona wale wanenguaji walikaa miaka, si walikuwa wanafuata Ulaya na hela? Anayeuliza hivi hajui bendi za kule zinavyofanya kazi. Msichana wa Kinshasa anayekwenda Paris na bendi, viza yake imeombwa na bendi, tiketi imekatwa na bendi, anapolala ni kwa bosi, lugha ya mtaani haijui vizuri, na akitoka mlangoni anageuka kutoka mnenguaji kuwa mhamiaji asiye na karatasi. Hela anayosubiri iko mfukoni kwa yuleyule anayemkimbia. Na kikubwa zaidi, waliondoka! Walitoroka usiku, ndo maana kukawa na kesi. Na mahakama ya rufaa, ileile ambayo mashabiki wanaitaja kwamba ilimsafisha, ndiyo iliyosema walishikiliwa. Huwezi kuichukua Versailles kwa mkono mmoja na kuuliza mbona hawakuondoka kwa mkono mwingine.

Tena hapo kuna jambo ambalo mashabiki wa bolingo, muziki wa Kongo, wanalijua lakini hawalisemi. Papa Wemba, nyota mwingine wa Kongo, alikamatwa Ufaransa 2003 na kuhukumiwa 2004 kwa kuingiza watu Ulaya akiwaita wanamuziki wake wakati sio wanamuziki, wenyewe wanaita ngulu. Mahakama iliona biashara haramu ya viza. Kinshasa watu wengi waliona mzee kasaidia vijana kutoka, na alipofariki Abidjan jukwaani Aprili 2016 alizikwa kama shujaa wa taifa. Mimi simlaumu aliyeona hivyo, ukiishi sehemu ambayo ubalozi haukupi viza mwanamuziki ndo ubalozi wako. Lakini angalia kinachofuata: kama bosi wa bendi ndo mlango wa Ulaya, basi kila aliye chini yake anadaiwa fadhila kabla hajacheza hata wimbo mmoja, na mtu unayemdai fadhila unaweza kumfanya mengi asiseme. Fadhila na unyanyasaji vinaingilia mlango mmoja, na shabiki aliyeko ukumbini anaonyeshwa fadhila tu.

Chris Brown anatufundisha kipande kilichobaki. Alimpiga Rihanna 2009, picha ya uso wake ikavuja, jamaa akakiri kosa mahakamani. Miaka mitatu baadaye ana Grammy, na Desemba 2024 alijaza uwanja wa FNB Johannesburg siku mbili mfululizo, wanaharakati wa kupinga ukatili kwa wanawake wakiwa wamepinga na maelfu wamesaini, katika nchi ambayo tatizo hilo ni la kutisha. Menejimenti zote duniani zimeshapiga hesabu hiyo. Picha ina muda wake wa kuoza. Ukiwa na klipu mbaya, omba radhi haraka, kaa kimya, subiri, rudi na kolabo na kijana anayependwa, mashabiki wake watakusafisha bila kulipwa. Nani alimrudisha Koffi kwenye simu za vijana waliozaliwa baada ya 2000? Sio redio, sio wazee wa rumba.

Ndo maana hizi kampeni za susia, anfolo, blok, mimi huwa naziangalia kwa mashaka. Zinafanya kazi vizuri sana kwenye mambo ya adabu, msanii akikataa kupiga picha na mtoto, akichelewa jukwaani masaa manne, akiwajibu mashabiki vibaya, anapigwa mpaka anapiga magoti. Kwenye madhara halisi zinafika baada ya kamera, na mahali kamera haipo hazifiki kabisa. Na mahali ambapo kamera haipo ndo pengi: chumba cha mazoezi, gari la bendi, hoteli, nyumba ya bosi. Kumtaka shabiki awe polisi wa maeneo hayo ni kumwonea, yeye kaja kucheza.

Wenye uwezo wa kufika huko ni wachache na wanajulikana. Promota anayemleta mtu Dar au Nairobi anasaini mkataba wenye kurasa na kurasa za aina ya maji ya kunywa na rangi ya gari, hashindwi kuongeza kwamba kila mnenguaji na mpiga ala atalipwa moja kwa moja na sio kupitia kwa kiongozi wa bendi, kwamba pasipoti ya mtu inakaa na mwenyewe, na kwamba kuna namba ya simu ya mtu wa nje ya bendi anayoweza kupiga. Mdhamini wa kampuni ya simu au bia anaweza kudai hivyo kabla hajatoa shilingi. BASATA, ambayo ipo kwa sheria tangu 1984, ina mamlaka ya kutoa vibali, na kibali kinachouliza mashairi yanasemaje kinaweza kuuliza pia kikundi cha watu kumi na tano kinalala wapi na nani anakilipa. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji klipu isambae kwanza, na hakuna kinachomnyima mtu wimbo wake. Mapromota wataniambia msanii mkubwa atakataa masharti hayo atakwenda kwa mwingine, na kwa mmoja mmoja ni kweli, atakwenda. Soko la shoo kubwa Afrika Mashariki lakini lina wadhamini wa kuhesabika, wengine ni kampuni zilezile kuanzia Dar mpaka Kampala, kwa hiyo anayeanzia kuulizwa sio msanii.